Mahali pa Ndama

Soila alipofika kijijini Qurus Jumapili ile baada ya ibada, alikuta nyumba yake iko tayari. Ilikosa kuta na paa tu.

Ilikuwa kamba ya katani iliyozungushwa kwenye vigingi vya mkaratusi, juu ya kipande cha udongo mwekundu ambapo majuma machache nyuma palikuwa na mahindi. Nikolaus alisimama katikati yake, penseli sikioni, vifungo vya shati vimefungwa mpaka juu, kama mwenye nyumba anayengojea wageni wa heshima. Mtu mwingine angeona kamba. Yeye alikuwa fundi seremala, na fundi akishavuta kamba ikanyooka, ukuta anauona.

"Vua viatu," alimwambia. "Unaingia ndani."

Soila akacheka, akavua raba zake, akavuka kamba.

"Hapana, mama. Hapo umepita dirishani. Mlango uko huku."

Ikabidi arudi, azunguke, apite mlangoni kwa adabu zote. Nikolaus akampokea kwa kumshika mkono, na hakuuachia upesi. Kiganja chake kilikuwa kigumu, kimejaa alama za msumeno na patasi, lakini kilikuwa na joto, na baridi ya Juni ya mwaka ule wa themanini na moja ilikuwa kali. Mlima Oldeani ulikuwa bado umejifunika ukungu wake. Soila alijifunga vizuri shuka jekundu alilojitupia mabegani juu ya gauni la kanisani, akamtazama kijana huyu aliyempenda, naye akamtazama, wakasahau kidogo kwamba wamesimama shambani.

Walijuana kwa sababu ya kidole gumba. Zaidi ya mwaka nyuma patasi ilimteleza Nikolaus, akafika zahanati moja ya Karatu damu ikimchuruzika, na muuguzi msaidizi aliyemfunga alikuwa Soila. Kidonda kilipona. Nikolaus akaendelea kuja kubadilishiwa bendeji. Siku moja Soila aliifungua, akakuta kidole kizima kabisa, kina kovu zuri tu, akamwuliza, "Sasa kaka, hapa nifunge nini?" Nikolaus akaangalia chini, akajibu, "Wewe funga tu, dada. Kinauma kwa ndani." Kuanzia siku ile hawakuhitaji tena bendeji ili waonane.

Sasa alikuwa akimtembeza nyumbani kwake. Hapa ni sebule. Hapa patakuwa na meko ya ukutani, moto unawaka watu wamekaa kwenye viti wanauangalia. Hapa chumba chao. Hapa watoto. Hapa wageni. Madirisha ya vioo, matatu upande wa mlimani, ili asubuhi mtu aamke aone Oldeani bila kutoka kitandani. Mwaka uliopita Nikolaus alikuwa amefanya kazi miezi kadhaa akitengeneza milango ya hoteli ya watalii juu kwenye kingo za kreta, na alirudi kutoka huko na nyumba nzima kichwani. Bati zilikuwa adimu siku zile, lakini alikuwa akizikusanya moja moja, anazificha chini ya kitanda cha karakana yake kama mtu anayeficha mwizi.

Soila alimfuata chumba kwa chumba. Mwanzoni alifurahi kama mtoto. Kisha, bila kujua kwa nini, furaha ikaanza kupungua, na walipofika chumba cha wageni alikuwa amenyamaza kabisa.

"Na mimi nitakuwa wapi?" aliuliza.

"Wapi vipi? Humu mote."

"Nikiwa napika."

"Jikoni." Nikolaus alinyoosha mkono nje ya kamba, kwenye kigingi kimoja kilichosimama peke yake karibu na ua wa minyaa. "Kule. Moshi usituharibie kuta. Kule hotelini moshi hauingii ndani hata kidogo."

Soila alikitazama kile kigingi. Akamweleza, taratibu, kwamba kwao Soitsambu, ng'ambo ya kreta, nyumba ni ya mwanamke. Mama yake, Seenoi, ndiye aliyeijenga yao. Alikata fito mwenyewe, akazipinda, akasiliba kwa mavi ya ng'ombe, mimba ya Soila ikiwa tumboni. Mvua ikivuja usiku, anayepanda juu na konzi ya samadi ni mama. Na baba yake, mzee Meitamei, pamoja na ng'ombe wake wote na sauti yake inayosikika bonde la pili, hakuingia bila kukohoa kwanza pale mlangoni.

Nikolaus akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyesimuliwa habari za ng'ambo. Lakini Soila aliinama, akachukua raba zake, akaanza kuvaa.

"Soila."

"Nyumba ni nzuri," alisema akifunga kamba za kiatu. "Mtu atakayekaa humu atakaa vizuri."

Alikuwa amekwisha kufika kwenye mpaka wa shamba Nikolaus alipomfikia. Hakumshika. Alisimama mbele yake tu, mikono haijui pa kukaa, akasema amecheka vibaya, na kwamba alikuwa akifikiri mwanamke akijengewa nyumba ndiyo heshima yenyewe, kwa sababu hivyo ndivyo alivyolelewa. Akamwomba amweleze vizuri, hata kama itachukua mchana kutwa.

Soila alisita. Kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote wa Karatu.

"Unajua mama alifariki mwaka juzi," alisema. "Hujui kwamba boma lilihama baada ya hapo, kufuata majani. Mimi nilikuwa huku, kazini. Nilipopata likizo nilishuka kwenye lori, nikatembea mpaka nyumbani, nikakuta hakuna kitu. Pale ng'ombe walipokuwa wakilala pameota majani marefu, mabichi kuliko mahali pengine pote. Ndiyo alama pekee. Nilizunguka nikitafuta hata jiwe moja la jiko la mama, Nikolaus. Hata jiwe."

Nikolaus aligeuka, akaangalia nyumba ya wazazi wake kule chini.

"Wewe ukikumbuka kwenu unageuza shingo tu, unapaona pale chini. Mimi kwetu kumebaki kwenye mikono hii. Najua kusiliba ukuta kama yeye. Najua kukifukiza kibuyu kwa kaa la mzeituni mwitu, mpaka maziwa yanukie moshi ule ule. Basi. Hicho ndicho nilichorithi. Ukinijengea nyumba ambayo mikono yangu haijaigusa, nitakaa humo kama mtalii. Nitashukuru kila asubuhi, na nitakuwa mgeni."

Upepo ulipita kwenye mikaratusi. Nikolaus aliichukua penseli sikioni, akaigeuza geuza, akairudisha. Macho yake yalikuwa yameloa, na hakuyaficha.

"Nyumba ya mama yako," alisema mwishowe. "Mtu akiingia, anaanza kukuta nini?"

Soila alifungua kinywa kumjibu, lakini hakuwahi. Wazee wawili walikuwa wakipanda kutoka nyumba ya chini. Aliyetangulia alikuwa mzee Tluway, baba yake Nikolaus, ndani ya koti lake refu la zamani, fimbo mkononi. Nyuma yake alikuja mama Elizabeti, akikaza mwendo, na uso wake ulionyesha kwamba alikuwa amejaribu kumzuia akashindwa.

Soila alijiweka sawa shuka mabegani. Hakuwahi kukutana na mzee huyu, ila alilijua neno lake. Nikolaus alipompelekea habari za uchumba, mzee Tluway alijibu kwa maneno machache: "Upande ule sina njia." Zamani, akiwa kijana huko Mbulu, mdogo wake wa pekee alikwenda na ng'ombe machungani, akarudi amebebwa. Zilikuwa zile siku za kuporana ng'ombe kati ya watu wa pande hizi mbili, na hakuna aliyejua mkuki ulikuwa wa nani. Tangu hapo mzee hakuwahi kukanyaga upande wa kreta na ng'ambo yake. Na kule Soitsambu, mzee Meitamei naye alikuwa na neno lake: kijana hamchukii, lakini ndoa haizungumzwi na kijana. Aje baba yake akae naye, amwone uso. Miezi ilikuwa imepita, mzee mmoja anangoja, mwingine hataki kwenda, na wapenzi wawili wako katikati, wanajenga kwa kamba.

Mzee Tluway alifika akasimama. Soila, kabla hajajizuia, aliinamisha kichwa mbele yake kama alivyofundishwa tangu hajaota meno, ili mkubwa amguse utosini. Mzee alikitazama kile kichwa. Mkono wake haukutoka kwenye fimbo. Ulipita muda ambao shingo ya Soila iliuona mrefu sana. Kisha kiganja kikatua juu ya nywele zake, chepesi, kinanukia unga. Kilikuwa cha mama Elizabeti.

"Marahaba, mwanangu," alisema yule mama, ingawa hakuna aliyekuwa ametamka shikamoo. "Karibu."

Mzee alikwisha kuwapa mgongo. Alikuwa akitembea kando ya kamba, kwa nje, akiigusa kwa ncha ya fimbo. Alimwuliza mwanawe kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, kisha akageukia Kiswahili, labda kwa makusudi ili msichana naye asikie. Aliuliza hapa ni nini, akaambiwa sebule, pa kukaa wageni. Na hapa? Chumba, pa kulala wageni.

"Wageni wengi," alisema mzee. Akaendelea kutembea. Alipomaliza mzunguko, alisimama pale mlango ulipo.

"Na ndama watalala wapi?"

Nikolaus alinyoosha mkono nje ya kamba. "Nitawajengea banda, baba."

"Nje?"

"Nje. Kwa nyuma."

"Ndama aliyezaliwa juzi," alisema mzee polepole, "mwezi wa Juni, huku kwetu, alale nje."

"Atakohoa, atakufa," alisema Soila.

Lilimtoka tu. Wote watatu waligeuka kumtazama, na Soila akatamani ardhi ipasuke. Lakini mzee Tluway hakuonekana kukasirika. Alikuwa amemkazia macho kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyesikia anaitwa kutoka mahali asipotarajia.

"Kwenu wanalala wapi?" aliuliza.

"Ndani, baba. Ukiingia tu, mkono wa kulia, kabla hujafika kwenye moto. Sisi watoto tulilala upande wa pili wa ukuta wao. Usiku ukizidiwa na baridi, unausogelea ule ukuta. Unawasikia wanapumua."

Mzee aliangalia chini, halafu akaangalia kamba za mwanawe, halafu mbali, kule Mbulu iliko.

"Kwetu ilikuwa mkono wa kushoto," alisema.

Akaanza kusimulia, si kwao hasa, bali kama anayejikumbusha. Nyumba ya mama yake ilikuwa imechimbwa kwenye ubavu wa kilima, paa lake udongo, mbuzi wakipanda juu wakila majani. Ng'ombe chini, watoto juu kwenye uchaga. Yeye alilala ukutani, mdogo wake ukingoni.

"Yule alikuwa mtundu," alisema mzee. "Alikuwa akining'iniza mguu makusudi, ndama wamlambe unyayo. Anacheka mpaka anapaliwa. Mama anamgombeza kila siku, naye kila siku anaushusha tena."

Mama Elizabeti alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Nikolaus alikuwa amesimama wima kama mlingoti. Maisha yake yote alikuwa amesikia jinsi baba yake mdogo alivyokufa. Hakuwahi kusikia jinsi alivyocheka.

Soila alijua kwamba angeweza kunyamaza, na kwamba pengine ndiyo ingekuwa busara. Lakini moyo ulikataa.

"Bibi yangu mzaa mama naye alimpoteza mtoto siku hizo hizo, baba," alisema. "Kwa mambo hayo hayo ya ng'ombe. Hata sisi hatukujua aliyemwua. Bibi mpaka anakufa hakumaliza kibuyu cha maziwa. Anabakiza kidogo chini, anasema ni ya mwanawe, akirudi na kiu. Mama yangu akarithi, na wala hakuwahi kumwona huyo kaka yake. Na mimi pia. Hata kule zahanati, chai yangu huwa siimalizi."

Nikolaus alimgeukia. Mara ngapi alikuwa amekiona kikombe kile, kimebaki na chai chini, akadhani ni maringo ya wasichana waliosoma?

Mzee Tluway alivuka kamba, akaingia ndani. Alikwenda moja kwa moja mpaka chumba cha wageni, akakishika kigingi cha pembeni, akakitikisa, akaking'oa. Akakisogeza mpaka kamba ikakaza, akakipigilia upya kwa jiwe karibu na mlango, mkono wa kushoto. Kisha akasimama, akamwangalia Soila, akafikiri, akaking'oa tena na kukihamishia mkono wa kulia.

"Mgeni wa kulala atalala sebuleni," alisema. "Ana miguu, hataganda."

"Baba, bati hazitatosha," alisema Nikolaus.

"Utaongeza," alisema mama yake.

Nikolaus aliwatazama wazazi wake, halafu akamtazama Soila. Alitoka nje ya kamba, akatembea hadi kwenye ua wa minyaa, akakichomoa kile kigingi cha jiko kilichosimama peke yake. Alirudi nacho, akakipangusa udongo kwenye suruali yake ya kanisani, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mimi nitafanya paa na milango," alisema kwa sauti ya chini. "Kuta ni zako. Na moto uweke unapotaka wewe. Mimi nitakuwa nakohoa mlangoni."

Soila alikipokea. Wazazi walikuwepo, hivyo hakuweza kumshika wala kumwambia chochote kilichokuwa kimemjaa kifuani, lakini alimtazama, na Nikolaus akayaelewa yote, akaona haya kama mvulana. Soila akatembea mpaka katikati ya nyumba. Alisimama pale akifumba macho kidogo, akitafuta kwa nyayo mahali ambapo joto la moto lingewafikia walalao pande zote. Akapiga magoti akapigilia. Mama Elizabeti alikuja akachuchumaa karibu yake, akamwuliza habari za kusiliba, kama samadi inachanganywa na majivu au inapakwa hivi hivi, na wakaanza kuzungumza kama watu waliokuwa wamekatizwa mazungumzo jana.

Mzee Tluway aliwaacha wazungumze. Alikuwa amekwenda kusimama ukingoni mwa shamba, akiangalia ile milima ambayo ng'ambo yake hakuwahi kutaka kuijua. Ukungu ulikuwa umepanda, Oldeani imeachwa wazi mpaka kileleni. Alikaa pale hata mkewe akaanza kumwangalia kwa wasiwasi. Aliporudi alimwendea Soila, si mwanawe.

"Huko kwenu," alisema, "lori linakwenda siku gani?"

Soila aliinuka, magoti mekundu kwa udongo. Alimweleza kwamba lipo la Jumatano, linalopeleka mahindi, na dereva wake anamfahamu, atamweka mbele. Njia ni ndefu, na juu kwenye kingo kuna baridi, achukue blanketi. Alizungumza haraka kwa sababu aliogopa akinyamaza atalia.

Mzee alisikiliza kila kitu. Akasema majirani hawezi kuwaita kuja kujenga nyumba ya binti wa mtu ambaye yeye hajakaa naye. Kwanza atakwenda. Akirudi, atawaita, na watakuja wote, maana hajawahi kukosa katika kazi ya mtu. Kisha akakohoa, akashika fimbo kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza mchana ule alionekana mzee kweli.

"Nikifika pale langoni," aliuliza, "naanza kusema nini?"

Nikolaus aligeuza uso, akajifanya anakagua kamba.

"Unasema 'Sopai', baba," alisema Soila. "Naye ataitikia 'Epa'. Akishaitikia tu, umekwisha kukaribishwa."

"Sopaai," alisema mzee, kwa uzito, kama anayetua gunia.

"Fupi kidogo, baba. Sopai."

"Sopai."

"Epa," aliitikia Soila.

Mzee alitikisa kichwa, akaridhika, akaanza kuteremka kwenda kwake bila kuaga mtu. Walisimama wote watatu ndani ya kamba wakiliangalia koti lake likipita katikati ya mabua. Hakugeuka. Lakini upepo ulikuwa ukitoka chini, na uliwaletea sauti yake, akilirudia lile neno peke yake njiani, tena na tena, kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau.